Kidoti cha Bluu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa misumari juu ya magogo mawili, umeegemea ukuta pale barabara ya lami inapokutana na kichochoro, kati ya kibanda cha fundi cherehani na meza ya fundi simu. Asubuhi jua linalipiga usoni hakuna wa kulikalia. Ikifika saa nane mchana kivuli cha ukuta kimeshalifunika lote, na hapo ndipo wenyewe wanapojikusanya. Bi Birika huweka jiko lake la mkaa mwisho wa benchi, akamimina kahawa na kusikiliza huku akijifanya hasikilizi. Mwenye meza ya simu ni Netiweki, ambaye hajawahi kukutana na swali lililomshinda, au tuseme hajawahi kukiri. Wa tatu ni Volteji, fundi umeme, mfupi, bisibisi nyuma ya sikio, na sauti inayosikika mtaa wa pili. Na wa nne, ambaye habari hii ni yake, ni fundi cherehani mwenyewe, mtu mpole wa miaka arobaini na moja, anayepima kila kitu kabla hajatia neno, ndiyo maana wakamwita Sentimita.

Wiki hiyo Sentimita alikuwa na jambo lililomnyima hata hamu ya kula. Alikuwa amepata mchumba. Mwenzake huyo alikuwa mfamasia wa zahanati iliyo upande wa pili wa mji, na walikutana siku Sentimita alipokwenda kuwapima wafanyakazi sare mpya. Wengine aliwapima mara moja moja. Yule alimpima mabega mara tatu, na mabega hayakuwa yamebadilika. Wakazoeana, wakapendana, wakakubaliana kama watu wazima wanavyokubaliana, bila mbwembwe. Kikabaki kitu kimoja tu, nacho ni kwenda kwa baba mkwe kujitambulisha.

Sasa baba mkwe huyo ndiye aliyekuwa kizingiti. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, amezunguka milima miaka thelathini na chombo chake cha miguu mitatu, na alikuwa na msimamo wake: mwanamume anayetaka kumuoa binti yake ajilete mwenyewe kwa ramani. Asielekezwe, asisindikizwe, asiulize mtu njiani. Akatuma ramani kubwa ya karatasi, imekunjwa vizuri, na kikaratasi juu yake: "Nyumba yangu ni 374218. Karibu Jumamosi kabla ya saa sita mchana." Binti naye akaapishwa asimwonyeshe njia.

Na ufunguo wa ramani, yale maelezo ya pembeni ya kwamba alama hii ni nini na ile ni nini, mzee alikuwa ameukata. Sentimita aliutazama ule ukingo akajua hapo hapo kwamba ni mkasi mzuri, uliopita mara moja bila kusita. Mtu aliyekata vile hakuwa anatania.

Basi ramani ikaletwa benchini, na benchi likaipokea kama lilivyopokea mambo yote, kwa imani kubwa.

Volteji ndiye aliyeanza. Aliona mistari ya kahawia imejipinda karatasi nzima, mingine imebanana, mingine imeachana, na kila baada ya mwendo kuna namba: 1400, 1420, 1440. Akasema hizo ni nyaya. Namba ni volti. Pale mistari ilipobanana ni kituo cha kupozea umeme, mtu asikaribie. Alipoulizwa mbona nyaya zinazunguka duara na kurudi zilikotoka, akajibu kwamba umeme ndivyo ulivyo, unatoka na lazima urudi, na asiyejua hilo asiguse soketi.

Netiweki akamsikiliza kwa huruma. Akasema huyo mzee ni mtu wa zamani, lakini ramani ni ya kisasa. Yale maduara ni mawimbi ya minara ya simu. Katikati ya duara ndipo mnara ulipo, na kadiri unavyotoka nje ndivyo simu inavyokatakata. Ile 374218 akaona ni namba ya simu iliyopungua tarakimu, akaiongezea za mbele anazozijua, akapiga. Akapokea mama mmoja, wakaongea dakika tano za heshima, mama akasema hana binti wa kuozesha ila ana mjukuu wa miaka minne.

Bi Birika yeye alisema mistari ya kahawia ni mito iliyokauka. Ya bluu ina maji, ya kahawia haina. Hakuongeza neno, akarudi kwenye jiko.

Sentimita peke yake ndiye aliyekuwa na cha maana, kwa kuwa lile lilikuwa jambo la vipimo. Kwenye pembe ya karatasi paliandikwa moja kwa elfu hamsini. Volteji akadai hizo ni hatua, kwamba kutoka hapa mpaka kwa mzee ni hatua elfu hamsini, mtu ajipange na viatu. Sentimita akakataa kwa upole. Akasema yeye huchora shati dogo kwenye karatasi kabla ya kukata kitambaa, na hii ni hivyo hivyo: sentimita moja hapa ni sentimita elfu hamsini huko nje, yaani nusu kilomita. Wakapiga kura. Akashindwa, tatu kwa moja.

Lakini kosa lililomponza halikuwa la hatua wala la nyaya. Lilikuwa la Netiweki, na lilikuja taratibu, kama mambo ya Netiweki yanavyokuja, huku kila mtu akiona ni jambo la wazi. Katikati ya ramani palikuwa na kidoti cha bluu, kama ukubwa wa kifungo cha shati. Netiweki akatoa simu yake, akafungua ramani ya humo, akawaonyesha. Katikati ya kioo kidoti cha bluu.

— Hiki ni nini? akauliza.

— Ni wewe, akasema Volteji.

— Basi. Kwenye ramani yoyote, kidoti cha bluu cha katikati ni wewe mwenye ramani. Na hapa ni hivyo hivyo.

Nani angebisha? Wote walikuwa wameshaona simu. Benchi likakubaliana kwamba benchi liko katikati ya dunia ya mzee, kwenye kile kidoti. Juu ya ramani paliandikwa kaskazini, na Volteji akaeleza kwamba kaskazini ni juu, na juu hapa mtaani ni kule mlimani kwenye tangi la maji, kwa hiyo ramani ielekezwe huko. Kwamba jua huzama nyuma ya mlima huo huo kila siku ya Mungu, hilo halikumjia mtu.

Jumamosi ya kwanza Sentimita akavaa suti aliyojishonea mwenyewe, akapanda kuelekea kwenye tangi. Kwa maelekezo ya benchi alitakiwa aufuate mstari wa 1440, kwa kuwa hata kama ni waya, chini ya waya hakukosi njia ya mafundi. Na kweli akakipata kijia ubavuni mwa mlima, hakipandi wala hakishuki, kizuri kabisa. Akakifuata. Akapita bombani palipokuwa na akina mama wanachota maji, wakamsalimia, akaitikia. Akatembea saa mbili na zaidi. Upande mmoja mlima ulikuwa mkali, akawa anashika majani asiporomoke. Upande mwingine ulikuwa umelala, mrefu, kama mkia. Kisha akaona bomba jingine lenye akina mama wanaofanana sana na wale wa kwanza.

— Karibu tena, wakamwambia.

Alikuwa ameuzunguka mlima mzima. Ilikuwa saa sita kasoro robo, na viatu vyake vilikuwa vimejaa mchanga. Siku ya pili yake kikaja kikaratasi kingine kutoka kwa mzee, kwa mwandiko ule ule ulionyooka: "Nilingoja mpaka saa sita, nikala. Jaribu Jumamosi ijayo. Hiyo itakuwa ya mwisho. Ramani nyingine ninazo, binti mwingine sina."

Kwa hiyo tunapowakuta wanabenchi hawa ni Ijumaa, saa tisa mchana, na kesho ndiyo hiyo Jumamosi ya mwisho. Ramani imetandazwa juu ya benchi, imebanwa pembe nne kwa vikombe, na Sentimita amekaa mbele yake. Kuogopa alikuwa anaogopa. Aliogopa kwa sababu mtu wa miaka arobaini na moja akishapata wa kumpenda hajui kama atapata mwingine, na kwa sababu alikuwa amejichunguza wiki nzima akaona hataki mwingine.

Wenzake walikuwa na moyo mzuri, hilo lazima lisemwe. Walikuwa wameacha kazi zao kwa ajili yake. Volteji alikuwa amefika na maelezo mapya kwamba Sentimita aliufuata waya usio na umeme, na safari hii afuate wa 1460 wenye nguvu zaidi. Netiweki akasema tatizo ni kwamba mzee amehamisha mnara. Baada ya hapo akaenda mbali zaidi, akasema huenda ramani yenyewe ni ya siku za mvua, na sasa ni kiangazi, kwa hiyo milima imenywea. Bi Birika akauliza mlima unanyweaje. Akajibiwa kwamba kila kitu chenye maji hunywea, hata kahawa yake. Bi Birika akakitazama kikombe cha Netiweki na kuacha kukijaza.

Sentimita akawaambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu amekigundua juzi mchana, akiwa peke yake na ramani juu ya meza ya kukatia. Pembezoni mwa karatasi kuna namba. Chini zinakwenda kuelekea kulia, na ubavuni zinapanda. Akatafuta 37 chini, akapanda nayo. Akatafuta 21 ubavuni, akaenda nayo. Zikakutana kwenye kimraba kimoja. Akakigawa kimraba hicho kumi kwa kumi kwa futi yake ya kupimia nguo, akahesabu nne kwenda kulia na nane kupanda, na pale pale pana alama nyeusi ya nyumba.

— Nyumba ya mzee naijua ilipo, akasema. Ni hapa.

Lilikuwa jambo zito na hawakulitarajia. Kisha Volteji akasema kama nyumba imeshajulikana basi shida imekwisha, ni kutoka kwenye kidoti kwenda kwenye nyumba, na aliyeshindwa hapo ni miguu. Akaongeza kwamba kwa maoni yake huyo baba mkwe, ambaye benchi lilishambatiza Mzee Digrii, ni mkorofi tu, mtu aliyekosa wa kupimia ardhi akaamua kupimia wakwe. Netiweki akaongeza yake kuhusu kichwa cha mzee na jua la miaka thelathini. Walicheka sana.

Ni katikati ya kicheko hicho Sentimita alipoinua macho akamwona mchumba wake amesimama mbele ya benchi, sare nyeupe imekunjwa mkononi.

Hakuwahi kufika pale hata siku moja. Wenzake walikuwa wakimsikia tu, hawakumjua sura. Sentimita akamtazama usoni ajue kama amesikia ya Mzee Digrii, akaona amesikia yote.

— Shikamoo mama, akamwamkia Bi Birika. Na nyinyi hamjambo. Fundi, kifungo cha juu kimeng'oka.

Sentimita akaipokea ile sare. Kifungo hakikung'oka. Kilikuwa kimekatwa, na uzi ulikuwa bado mpya. Akachukua sindano.

Mgeni akakaribishwa nafasi kwenye benchi, akakaa, akamiminiwa kahawa. Akaitazama ramani iliyo mbele yake kama mtu anavyotazama kitu cha watu, akauliza wanafanya nini. Basi hapo ndipo alipowapata. Netiweki na Volteji walimweleza kwa kupokezana, nyaya na mawimbi, mzee na ukorofi wake, mwenzao maskini na mapenzi yake, mpaka Sentimita akajichoma sindano mara mbili. Mgeni alisikiliza kwa adabu. Aliuliza kama huyo mwenzao anampenda kweli huyo binti. Volteji akamhakikishia kwamba kapata wazimu kabisa, kashona suruali ya mteja miguu yote miwili upande mmoja. Mgeni akainamia kikombe chake kwa muda.

Kisha akauliza lile swali. Aliliuliza taratibu, kidole chake kikiwa mbali na karatasi, kama mtu aliyeapa asionyeshe kitu na anakumbuka alivyoapa.

— Na hapa tulipokaa ni wapi humu?

Vidole viwili vikatua kwenye kidoti cha bluu kwa pamoja, cha Netiweki na cha Volteji.

— Ni hapa, dada. Kidoti ndiyo sisi.

— Na huu mstari wa bluu mrefu unaoingia kwenye kidoti?

— Huo ni mto, akasema Volteji. Bluu ni maji, hilo hata mtoto anajua.

— Ahaa. Mto unaingia kwetu?

Volteji akafungua mdomo kujibu. Bi Birika, aliyekuwa amejifanya hasikilizi wiki mbili nzima, akaacha birika lake, akaja, akainama juu ya ramani.

— Kinachoingiwa na mto ni bwawa, akasema. Nyie watu mmekaa kwenye bwawa.

Netiweki akakiondoa kidole chake kwenye kidoti na kukifutia shati, sijui kwa nini. Akasema simu yake haijawahi kumweka mtu kwenye maji. Akasema labda kidoti chao ni kile kingine, kisha akakitafuta hicho kingine, hakukiona. Volteji akakiinamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, akasema kwamba kimsingi wako upande huu, na mkono wake ukapita juu ya karatasi nzima. Miaka kumi na tano walikuwa wamelikalia benchi lile. Wangeweza kukuambia nani kahama mtaani na nani kaamka vibaya. Sasa walikuwa wanajitafuta kwenye karatasi na hakuna hata mmoja aliyejua aanzie wapi.

— Kwa hiyo tuko wapi? mgeni akauliza tena.

Makaa yakalia jikoni.

— Sijui, akasema Sentimita.

Neno hilo halikuwahi kusemwa pale, na wenzake walimtazama kama aliyevua shati hadharani. Yeye hakuwatazama. Alikuwa anamtazama mchumba wake, kifungo kimeshakaa mahali pake, uzi ameukata kwa meno. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile akaona unafuu mkubwa, kwa sababu wiki mbili alikuwa anapima njia kutoka mahali ambapo hayupo.

Mgeni akasimama, akaipokea sare yake. Alimshukuru Bi Birika kwa kahawa, akawaaga mafundi kwa heshima zote, hata yule wa jua la miaka thelathini. Kisha akamgeukia Sentimita.

— Kesho kabla ya saa sita, fundi.

— Kabla ya saa sita, akaitikia.

Alipopinda kona ndipo Volteji alipouliza yule mteja ni nani, maana ana maswali ya kihakimu. Sentimita alikuwa anaviondoa vikombe juu ya pembe za ramani, kimoja kimoja.

— Ni binti wa Mzee Digrii.

Sitaeleza walivyokaa. Netiweki aliikumbuka simu ya mtu iliyokuwa ikimsubiri tangu asubuhi, akaifungua na kuifunga bila kuitengeneza. Volteji aliuliza, kwa sauti ambayo safari hii haikuvuka hata kichochoro, kama yule dada ni mtu wa kupeleka maneno nyumbani. Bi Birika akawaambia kahawa imekwisha, ingawa haikuwa imekwisha.

Sentimita alikwishafunga kibanda. Alipanda mlimani na ramani kwapani, na pini zake za kushonea kwenye kola kama kawaida yake, mpaka akafika tangi lilipo, akaitandaza juu ya saruji. Safari hii hakuanzia katikati. Alifumba macho akaukumbuka mlima kama miguu yake ilivyoukumbuka: huku mkali wa kushika majani, kule umelala kama mkia. Kisha akafumbua, akatafuta kwenye karatasi duara lenye umbo hilo. Pale mistari ilipobanana kama marinda, ndipo alipokuwa akiporomoka. Pale ilipoachana, ndipo alipokuwa akitembea kwa raha. Akalipata duara lake pembeni kabisa, kwenye kona ya chini kushoto, mahali ambapo benchi zima halikuwahi hata kupatazama.

Jua lilikuwa linashuka nyuma yake, upande wa magharibi, kwa hiyo akaigeuza karatasi mpaka kushoto kwake kukawa kaskazini kweli. Akainua uso. Mbali huko chini, ng'ambo ya mashamba, kitu kilikuwa kinameremeta, na mto unaingia ndani yake. Nyuma ya bwawa palikuwa na mwinuko, na juu ya mwinuko paa moja la bati. Akachomoa pini akaichoma kwenye duara la mlima, hapa nilipo, akachoma nyingine kwenye nyumba ya mzee, akavuta futi katikati yake. Sentimita kumi na tisa. Kilomita tisa na nusu, kama ndege anavyoruka moja kwa moja. Akacheka peke yake kule juu kama mwehu, na macho yakamlowa.

Kisha akatulia akapiga hesabu. Kuna kuzunguka bwawa, kuna kupanda, tuseme mwendo wa saa tatu na nusu. Ili awe mlangoni saa tano anapaswa kuondoka saa moja na nusu asubuhi. Akaongeza saa moja nzima ya kuogopa, akapata kumi na mbili na nusu, akaikunja ramani kwa mistari ile ile mzee aliyoikunja, akashuka kwenda kupiga suti pasi.